Nani Ageuze Njia? Pointi za Reli Zinazotii Wafanyakazi wa Treni

Mtu atokaye Chumbageni kwenda Ngamiani hana budi kuvuka reli. Ujenzi wa njia hiyo ya chuma ulianza Tanga mwaka 1893, na watu wa mji wameizoea kiasi kwamba hawaitazami tena. Lakini mwanafunzi atakayesimama mahali pa salama karibu na stesheni, akatazama ardhini badala ya kuitazama treni, ataona jambo la kustaajabisha. Mahali fulani njia moja inazaa njia mbili. Na kitu kinachoamua treni yenye uzito wa mamia ya tani ifuate njia ipi ni vyuma viwili vyembamba, ambavyo mtu mmoja aweza kuvisogeza kwa mkono. Umbali ambao vyuma hivyo husogea haufiki hata shubiri moja.

Tangu reli zilipovumbuliwa, swali limekuwa hili: nani avisogeze vyuma hivyo, na baada ya kuvisogeza, dereva aliye mbali atajuaje kwamba vimekaa sawasawa? Siku hizi, katika baadhi ya nchi, dereva mwenyewe huweza kuigeuza njia iliyo mbele yake kwa kubonyeza tarakimu kwenye simu ya upepo, bila ya treni kusimama. Makala haya yanaeleza namna jambo hilo linavyowezekana, faida yake kwa reli yenye njia moja kama ile ya Tanga, na hatari iliyojificha ndani yake.

Pointi ni nini?

Wafanyakazi wa reli huita mahali hapo pointi. Sehemu zake muhimu ni mbili. Kwanza ziko reli kuu mbili za nje, ambazo hazisogei. Pili ziko ndimi mbili, yaani vipande vya reli vilivyochongwa vikawa vyembamba kuelekea nchani, na kuunganishwa pamoja kwa fito za chuma. Ulimi mmoja ukibana reli kuu ya upande wa kushoto, ule wa pili huachana na reli kuu ya kulia, na gurudumu hupata mwanya wa kupita. Ndimi zikisogezwa upande wa pili, mambo hugeuka.

Gurudumu la treni lina ukingo unaoning'inia upande wa ndani wa reli. Ukingo huo ndio unaoshika ulimi na kuongoza treni. Kwa hiyo ulimi uliobana vizuri humaanisha njia salama. Ulimi uliobaki wazi kidogo, kwa sababu ya jiwe au tope, humaanisha kwamba ukingo waweza kuingia katikati ya ulimi na reli kuu. Hapo gurudumu moja litafuata njia hii, na lile lingine njia ile, na treni itaacha reli.

Jambo lingine la kukumbuka ni upande ambao treni inatokea. Treni inayoikabili ncha ya ndimi huchaguliwa njia na ndimi hizo. Treni inayotoka upande wa pili, kutoka kwenye njia mbili kuelekea njia moja, haichaguliwi njia. Yaweza hata kuzisukuma ndimi kwa magurudumu yake yenyewe, ikiwa pointi imetengenezwa kuvumilia jambo hilo. Tofauti hii ndogo ndiyo msingi wa mitambo itakayoelezwa baadaye.

Kazi ya kushuka chini

Reli ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Arusha ilifikiwa mwaka 1929. Mwaka 1963 njia mpya kutoka Ruvu iliungana na reli hiyo hapo Mnyusi, na kwa mara ya kwanza treni ya Dar es Salaam ikaweza kufika Tanga na Moshi. Tangu siku hiyo, ndimi za pointi katika eneo la Mnyusi huamua kama behewa litakwenda baharini au litapanda kuelekea Kilimanjaro.

Reli hii ni ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana hupishana tu mahali palipo na njia ya pili ya kando, yaani njia ya kupishania. Moja huingia kando na kungoja, nyingine hupita. Kila mapishano huhitaji pointi mbili, moja katika kila mwisho wa njia ya kupishania. Zamani kila stesheni ilikuwa na stesheni masta na watumishi wa kugeuza pointi, usiku na mchana. Huo ulikuwa utaratibu mzuri, lakini wa gharama kubwa kwa njia yenye treni chache.

Mkoa wa Tanga una mfano mwingine wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilijengwa reli ndogo yenye upana wa milimita 750 kutoka Tengeni, kwenye reli kuu, hadi Sigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki, kwa ajili ya kuteremsha mbao. Nyumba ya zamani ya stesheni masta ingalipo Sigi, na sasa hutumika kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kwa sababu ya mteremko mkali, njia ilipanda kwa zigizaga: treni iliingia kwenye kipande cha njia kisichoendelea mbele, ikasimama, pointi ikageuzwa nyuma yake, kisha ikaendelea kupanda kinyumenyume. Katika kila kona ya namna hiyo ilibidi mtu awepo chini, ashike mkono wa pointi.

Hesabu ya kusimama

Mahali pasipo na mtumishi wa pointi, kazi yake huwaangukia wafanyakazi wa treni wenyewe. Hebu tuchukue treni yenye urefu wa mita 500 inayotaka kuingia kwenye njia ya kupishania. Husimama mbele ya pointi. Msaidizi wa dereva hushuka, hufungua kufuli, huvuta mkono wa chuma, na kutazama kama ulimi umebana. Treni huingia polepole hadi behewa la mwisho lipite. Sasa ni lazima pointi irudishwe kama ilivyokuwa, ili treni nyingine ipite katika njia kuu. Kama treni haina mtu nyuma, msaidizi, ambaye amekwisha kurudi katika injini, atembee tena mita 500 kando ya mawe. Mtu akitembea mita 1.2 kwa sekunde hutumia karibu dakika 7 kwenda, na dakika 7 nyingine kurudi. Kwa vituo 10 vya namna hiyo, muda unaopotea kwa kutembea tu huzidi saa mbili.

Nishati nayo hupotea. Treni ya tani 800 inayokwenda kilometa 40 kwa saa, yaani mita 11.1 kwa sekunde, ina nishati-mwendo ya nusu ya tungamo lake likizidishwa kwa mraba wa mwendo: karibu megajuli 49. Ikisimama, nishati hiyo yote huishia kuwa joto katika breki. Ili kuirudisha, injini huunguza dizeli. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi. Tukikadiria kwamba asilimia 30 tu ndiyo inayofika kwenye magurudumu, tutapata megajuli 10.8. Kila kusimama, basi, hugharimu lita nne na nusu hivi, bila ya kuhesabu dakika.

Wala hatari kwa mtu haistahili kusahauliwa. Anayeshuka usiku wa mvua, akiwa na taa mkononi, akatembea juu ya mawe yanayoteleza kando ya mabehewa mazito, anaweza kuanguka au kuumwa na nyoka, na akaumia mahali ambapo hospitali iko mbali.

Usiku wa Graniteville

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote ni ile ya kusahau. Mfano wake unajulikana duniani kote. Jioni ya tarehe 5 Januari 2005, katika mji mdogo wa Graniteville, jimbo la South Carolina, Marekani, wafanyakazi wa treni moja ya mizigo waliegesha treni yao kwenye njia ya pembeni iliyoingia kiwandani. Pointi ilikuwa ya kugeuzwa kwa mkono. Muda wao wa kazi uliokuwa umewekwa kisheria ulikuwa unakwisha. Waliondoka bila ya kuirudisha pointi kwenye njia kuu.

Sehemu hiyo ya reli haikuwa na ishara za taa za kumwonya dereva. Usiku ule ule, saa nane na dakika 39, treni nyingine ilifika kwa mwendo wa kilometa 75 hivi kwa saa. Badala ya kuendelea na njia kuu, ndimi ziliipeleka pembeni, ikaigonga ile iliyosimama. Tangi moja la gesi ya klorini lilipasuka. Watu 9 walifariki, akiwamo dereva. Mamia walidhurika, na watu wapatao 5,400 walihamishwa kutoka katika makazi yao.

Kwa nini dereva hakusimama? Hesabu ya fizikia inajibu. Chukua treni inayokwenda kilometa 60 tu kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, na breki zinazopunguza mwendo kwa mita 0.3 kwa sekunde katika kila sekunde. Umbali wa kusimama ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mara mbili ya upunguaji huo: 278 ukigawanywa kwa 0.6, yaani mita 460 na zaidi. Usiku, mkao wa ndimi hauonekani kwa umbali huo. Dereva anapouona ni kama mtu anayesoma barua ya onyo baada ya msiba kwisha kutokea.

Tarehe 4 Februari 2018, huko Cayce, katika jimbo hilo hilo, jambo kama hilo lilitokea tena. Ishara za taa zilikuwa zimezimwa kwa muda, kwa ajili ya kufunga mfumo mpya wa usalama. Pointi ya mkono iliachwa imeelekezwa pembeni, na treni ya abiria ikaigonga treni ya mizigo iliyoegeshwa. Wafanyakazi wawili wa treni walipoteza maisha. Matukio haya mawili yanafundisha kwamba mkono wa mtu waweza kugeuza pointi vizuri kabisa mara elfu moja, na mara ya elfu moja na moja akili ikachoka.

Njia ya kwanza: magurudumu kusukuma ndimi

Wahandisi wamejaribu kuondoa usahaulifu huo kwa njia mbili. Njia ya kwanza haihitaji amri yoyote. Katika mapishano, pointi ya kila mwisho hupangwa daima kuipeleka treni inayoingia upande wake maalumu, tuseme kushoto. Treni inapotoka katika mwisho wa pili, huzikuta ndimi kutoka nyuma, na magurudumu yake huzisukuma zikafunguka. Ikisha kupita, springi au mtambo wa mafuta yaliyoshindiliwa huzirudisha ndimi polepole mahali pake pa kawaida. Hakuna anayeshuka, na hakuna anayesahau, kwa sababu pointi hujirudisha yenyewe.

Huko Uskoti, njia ya Kyle of Lochalsh ilianza kutumia utaratibu wa aina hii mwaka 1984, na njia ya West Highland mwaka 1988. Dereva hupewa ruhusa ya kuingia kipande cha njia kwa simu ya upepo, na kwenye pointi huonyeshwa taa ndogo ya kuthibitisha kwamba ndimi zimekaa sawa. Ubaya wake ni kwamba dereva hana uchaguzi. Akitaka kuingia njia isiyo ya kawaida, kwa mfano kuacha behewa la saruji kwenye njia ya kiwanda, analazimika kusimama na kushuka kama zamani.

Njia ya pili: amri kwa simu ya upepo

Njia ya pili humpa dereva uchaguzi. Kando ya pointi husimikwa sanduku lenye mota ya umeme, betri, na simu ya upepo; mahali pasipo na nguzo za umeme, betri huchajiwa na mwanga wa jua. Mitambo ya namna hii imetumika katika reli za Amerika ya Kaskazini. Dereva akiwa bado mbali, hubonyeza tarakimu za pointi anayoitaka, na kusikia jibu katika chombo chake.

Tarakimu husafirije hewani? Hapa pana somo zuri la sauti. Kila kitufe hutoa sauti mbili kwa pamoja. Sauti ya kwanza hutegemea safu ya kulala ya kitufe, na marudio yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni 697, 770, 852 au 941. Sauti ya pili hutegemea safu ya kusimama: 1209, 1336, 1477 au 1633. Tarakimu 5 iko katika safu ya pili ya kulala na safu ya pili ya kusimama. Kwa hiyo hutoa 770 na 1336 pamoja. Mpango huo ulianza kutumika katika simu za kawaida huko Marekani mwaka 1963.

Kwa nini sauti mbili badala ya moja? Kwa sababu mluzi wa mtu, honi, au mlio wa injini waweza kwa bahati kufanana na sauti moja, lakini ni vigumu kufanana na mbili zilizochaguliwa. Tena marudio hayo yamechaguliwa ili moja lisiwe mara mbili wala mara tatu ya jingine. Mara mbili ya 697 ni 1394, ambayo haiko katika orodha. Kwa njia hiyo mwangwi wa sauti moja hauwezi kudhaniwa kuwa sauti nyingine. Na namba yenye tarakimu nne ina mipangilio 10,000, hivyo pointi ya stesheni moja haitaitika namba ya stesheni nyingine.

Amri si ushahidi

Hadi hapa yaonekana kana kwamba tatizo limekwisha. Lakini hapa ndipo lilipo jambo kuu la makala haya. Dereva aliyebonyeza tarakimu ametoa amri, hajapata ushahidi. Mota yaweza kuzunguka na fito kukatika. Ulimi waweza kusogea na kuzuiwa na jiwe. Mtumishi wa zamani aliyegeuza pointi kwa mkono aliona kwa macho yake kama ulimi umebana. Dereva aliye mbali hana macho hayo. Kumpa uwezo wa kugeuza bila ya kumpa uwezo wa kujua ni kumwongezea hatari.

Kwa hiyo mtambo mzuri hufuata hatua hizi kabla ya kujibu. Kwanza huhakikisha hakuna treni juu ya pointi. Pili hufungua kufuli ya ndimi. Tatu mota husogeza ndimi. Nne kufuli hufungwa tena. Tano kitambuzi kilichoshikizwa kwenye ndimi zenyewe, wala si kwenye mota, hupima kama ulimi umebana. Katika sheria za Marekani, kwa mfano, pointi ya mkono iliyounganishwa na ishara inapokuwa na mwanya wa robo inchi, yaani milimita 6 hivi, ishara ni lazima imwonye dereva. Baada ya hatua zote tano ndipo jibu hurudi kwa dereva, likitaja namba ya pointi na upande ilioelekea.

Hatua ya kwanza ina tatizo la pekee katika Afrika Mashariki. Njia ya zamani ya kujua kama kuna treni ni saketi ya reli, iliyobuniwa na Mmarekani William Robinson mwaka 1872. Umeme mdogo hupitishwa katika reli ya kushoto na kurudi kwa reli ya kulia. Ekseli ya treni ikiziunganisha reli mbili, umeme hupita njia ya mkato na mtambo hutambua kuwa njia ina treni. Lakini saketi hiyo hudai reli mbili zitenganishwe kwa kitu kisichopitisha umeme, kama mataruma ya mbao. Katika nchi zetu mchwa hula mbao. Kwa sababu hiyo sehemu nyingi za reli zimewekwa mataruma ya chuma. Taruma la chuma lisilo na kitenganishi huziunganisha reli mbili siku zote, na mtambo ungedhani kwamba treni ipo daima.

Dawa yake ni kihesabu ekseli. Koili mbili hufungwa kando ya reli, zikiwa karibu karibu, na kuunda uga wa sumaku. Kila gurudumu linapopita huuvuruga uga huo. Koili iliyovurugwa kwanza huonyesha upande ambao treni inaelekea. Injini yenye ekseli 6 ikivuta mabehewa 20 yenye ekseli 4 kila moja, kihesabu kitaandika 86 wakati wa kuingia. Zikitoka 86, njia ni tupu, na pointi yaweza kujirudisha kwenye njia kuu bila ya kukumbushwa na mtu. Zikitoka 82, behewa moja limebaki nyuma, na pointi haitasogea. Kosa la Graniteville, yaani kusahau kurudisha, linafungiwa mlango.

Kunyamaza nako ni jibu

Yafaa kuuliza: itakuwaje betri ikiisha, au radi ikapiga sanduku, au panya akatafuna waya? Wahandisi wa reli hufuata kanuni moja ya zamani: kifaa kikiharibika, kiharibikie upande wa usalama. Jibu la "sawa" ni lazima lihitaji kila kitu kiwe kizima. Waya ukikatika, jibu linakosekana. Na dereva hufundishwa kwamba kukosa jibu maana yake ni "hapana": asimame kabla ya pointi, msaidizi ashuke, atazame kwa macho, na kugeuza kwa mkono ikibidi. Kwa sababu hiyo kila pointi ya mota huwa na njia ya kuendeshwa kwa mkono.

Jambo la pili la nidhamu ni kwamba pointi iliyogeuka si ruhusa ya kupita. Ruhusa ya kuingia kipande cha njia hutolewa na mwongoza treni, ambaye anajua treni zote ziko wapi. Pointi humwambia dereva kwamba njia imeungana. Haimwambii kwamba hakuna treni nyingine kilometa 5 mbele yake. Wafanyakazi wakichanganya mambo haya mawili, mtambo uliokusudiwa kuokoa maisha utawapeleka kwenye mgongano.

Upande wa gharama na upande wa macho

Reli mpya ya kisasa ya umeme, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro mwezi Juni 2024 na Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo, imefuata njia ya tatu: pointi huendeshwa na mitambo inayoongozwa kutoka mbali, katika kituo cha uendeshaji. Huo ni utaratibu unaofaa njia yenye treni nyingi na za kasi, lakini hudai nyaya, mawasiliano na fedha nyingi kwa kila kilometa. Reli ya Tanga ni ya namna nyingine. Treni za mizigo na za abiria zilirudi kati ya Dar es Salaam na Moshi mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya ukimya. Kwa njia moja yenye treni chache, pointi inayotii wafanyakazi wa treni yaweza kuwa hatua ya katikati: fedha hutumika mahali penye pointi tu, wala si katika urefu wote wa reli.

Hata hivyo, mambo mawili yapimwe kwa uangalifu. La kwanza ni matunzo. Hewa ya pwani ina chumvi, nayo hula viungo vya shaba na chuma. Paneli ya jua iliyo peke yake porini huvutia wezi. Sanduku lisilokaguliwa litaanza kunyamaza mara kwa mara, na wafanyakazi waliozoea kunyamaza kwake watajifunza kutolijali. Hapo kanuni ya "kunyamaza ni hapana" itakuwa imekufa, ingawa bado imeandikwa kitabuni.

La pili ni macho. Mtumishi wa pointi hakugeuza vyuma tu. Alitazama treni ikipita, akaona ekseli inayotoa moshi, mlango wa behewa uliofunguka, ng'ombe njiani, au reli iliyopasuka. Mashine iliyochukua kazi ya mkono wake haikuchukua kazi ya macho yake. Nchi inayoondoa watumishi hao ni lazima iseme wazi ni nani atakayeona badala yao.

Jaribio la darasani

Mwalimu wa fizikia aweza kuonyesha kanuni hizi kwa betri moja ya tochi, balbu moja, waya, na swichi tatu. Swichi zote ziunganishwe mfululizo na balbu. Swichi ya kwanza iitwe "ulimi umebana", ya pili "kufuli imefungwa", ya tatu "hakuna treni juu ya pointi". Balbu ni jibu analosubiri dereva.

Wanafunzi wafungue swichi moja moja, kisha wakate waya, kisha waondoe betri, na kuandika kila mara balbu inafanya nini. Halafu swichi ziunganishwe sambamba badala ya mfululizo, na jaribio lirudiwe. Wajibu maswali haya: Ni mpango upi ambao treni ingeruhusiwa kupita hali ulimi uko wazi? Kwa nini haifai kutumia balbu inayowaka kuonyesha hatari, na inayozimika kuonyesha usalama? Kama balbu yenyewe ikiungua, je, dereva yuko salama au hatarini?

Atakayejibu maswali hayo kwa usahihi ameelewa jambo ambalo lingewaokoa watu 9 wa Graniteville. Ndimi za pointi, ziwe karibu na Chumbageni au kule Mnyusi, zaweza kusogezwa na mkono, springi, au mota inayotii tarakimu zilizorushwa hewani. Usalama haukai katika nguvu inayozisogeza. Hukaa katika uhakika kwamba ulimi ukiwa wazi kwa unene wa kidole, mtu aliye katika injini atajua angali na nafasi ya kusimama.